Sahani Chini ya Beseni

Mama mkwe wangu aliniuliza mwanawe alikufa namna gani, na uso wangu ukasimama.

Mimi sikujua kwamba umesimama. Nilikuwa nimeketi kwenye godoro la kilio, simu imeegemezwa kwenye ndoo, nikamjibu kila kitu kwa utaratibu, tangu asubuhi ile mpaka watu walipokuja kuchukua mwili. Nilipomaliza niliona kwamba picha yake nayo haisogei, kisha mtandao ukakatika kabisa. Shangazi aliyekuwa naye kule Butembo ndiye aliyetueleza baadaye walichokiona: mimi nimefungua kinywa nusu, macho yanatazama pembeni, wala sitoi neno. Mama alinitazama hivyo kwa muda mrefu. Halafu akawaambia waliokuwa naye, "Mumeona wenyewe. Nimemuuliza, ananyamaza."

Tangu siku hiyo nikawa mwanamke aliyenyamaza.

Mimi ni mtu wa upande wa Bukavu. Mume wangu alikuwa mtu wa Butembo, aliyeshuka Goma na mzigo wa maharage akiwa kijana na hakurudi tena kuishi kwao. Alipokufa, barabara ya Butembo ilikuwa imekatwa na vita. Aliyetaka kufika alilazimika kuzunguka kwa kupitia Uganda, na miguu ya mama haikuweza safari ya namna hiyo. Tukazika bila yeye, kwenye ardhi ya mawe ya volkano ambayo vijana waliivunja kwa mitaimbo tangu alfajiri. Mama hakuona sanduku wala kaburi. Alichopata ni maneno ya watu, na maneno yenyewe hayakufanana.

Nilichokuwa nacho cha kumwambia kilikuwa kifupi. Mume wangu alikuwa na tansio, presha ya damu, kwa miaka mingi. Asubuhi ile alisema kichwa kinamgonga, akaomba azungumze na mamaye. Simu haikuwa na yuniti, salio la kupigia. Nikatoka kwenda kununua pale kwenye kona, nikarudi, nikamkuta amegeukia ukuta. Sikuwepo. Ndivyo ilivyokuwa.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa amempelekea mama habari nyingine. Shemeji ni mtu mwema ambaye hawezi kumpa mtu habari mbaya bila kuitia sukari. Alimwambia kwamba mwanawe alifia mikononi mwangu, padri yupo, rozari iko mkononi. Kwa hiyo mama alikuwa na vifo viwili vya mtoto mmoja. Shangazi alimwambia kwamba majirani wanasema mjane hakuwepo. Shemeji alimwambia alikuwepo. Alipotaka kunisikia mimi, uso wangu ukasimama. Mtu yeyote angeshuku.

Na kwetu mjane havui nguo ya kilio kwa kujiamulia. Siku ya kuondoa kilio, watu wa mume ndio wanaomletea kikwembe kipya, kitenge cha kujifunga, na mkubwa wao anasimama mbele ya watu na kumwambia kwamba wamemwachilia, avue. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufa. Mkubwa aliyebaki alikuwa mama. Asiposema neno lake, ningekaa na nguo nyeusi, na watu wangejua sababu.

"Kwa sauti mutu anaweza kudanganya," mama alimwambia shemeji kwa simu. "Nataka nione uso yake ikiwa inasema. Ile ya kusimama-simama sitaki."

Ndipo tukaanza kuitegemea sahani.

*

Mume wangu alikuwa na kibanda pale Murara, cha kuchaji simu na kubadilisha vioo vilivyopasuka. Mtandao wa kawaida ulipokuwa unakwenda na kurudi unavyotaka, alinunua sahani ya intaneti, ile inayozungumza na mitambo midogo inayozunguka juu kabisa angani. Tuliiita sahani, ingawa ya kwake ilikuwa bamba jeupe lenye pembe nne, kama kigae kikubwa cha sakafuni. Aliinunua ng'ambo ya mpaka na ikaandikishwa kwa jina la mtu wa huko, rafiki yake wa biashara, kwa sababu upande wetu haikuruhusiwa. Iliingia kwa barière ndogo, kivuko cha mpakani, ikiwa chini ya vitunguu. Nasema kama ilivyokuwa.

Serikali ya Kinshasa ilikuwa imeipiga marufuku. Kwenye redio walisema kampuni ya sahani hizo haina kibali cha kufanya kazi nchini, na kwamba waasi wanaweza kuzitumia kuwasiliana bila mtu kuwasikia. Mume wangu alisikiliza huku akifuta kioo cha simu. "Inaweza kuwa kweli," alisema. "Inaweza pia kuwa kuna mutu anaogopa wateja wake wataondoka." Alikuwa mtu wa kuweka mambo mawili mezani na kuyaacha hapo.

Aliipandisha juu ya nyumba yetu ya mbao pale Katoyi, akaifunika kwa beseni la plastiki la buluu. Plastiki haizuii mawimbi, aliniambia, lakini inazuia macho. Mvua iliponyesha, beseni lilipiga ngoma juu ya manjanja, mabati ya paa, usiku kucha, nasi tukazoea. Majirani nao walizoea. Waliotaka kuwapigia ndugu zao wa Beni au wa Ulaya walikuja kukaa kwenye benchi letu, wakageuza simu huku na huku, wakaondoka bila kuuliza intaneti inatoka wapi.

Kisha siku moja ikazimika yenyewe. Rafiki wa ng'ambo alituma ujumbe kwamba kampuni inafunga sahani zilizokaa muda mrefu katika nchi ambayo haijawapa kibali. Taa ndogo ya kisanduku cha ndani ikawa nyekundu. Ilikuwa katika majuma hayo mume wangu aliposema kichwa kinamgonga na kwamba anataka kuzungumza na mamaye.

Tulipokwisha kumzika, redio ya jirani ikasema Kinshasa imebadili neno lake. Kampuni imepewa kibali. Shemeji alichomeka waya ili kujaribu tu, na taa ikawa nyeupe. Intaneti ikaja kana kwamba haikuwahi kuondoka. Siku hiyo nililia kuliko siku ya kuzika, na wanawake waliokuwa wanakaa nami hawakujua ninalilia nini. Kitu kilikatazwa, kitu kikaruhusiwa, na hapo katikati kulikuwa na mtu mmoja aliyetaka kusema na mama yake.

Lakini kuruhusiwa kwenyewe kulikuwa kwa mbali. Kinshasa ilikuwa imesema ndiyo, na Goma haikuwa tena mikononi mwa Kinshasa. Mji ulikuwa na wakubwa wengine, waasi walioutwaa. Watu walianza kusema kwamba hao nao wanataka kila mwenye sahani akajiandikishe kwao, na kwamba asiyejiandikisha atanyang'anywa. Hatukuona tangazo lolote kwa macho yetu. Ilikuwa ya kusikia, na ya kusikia ndiyo inayotisha, kwa sababu huwezi kuisoma mara ya pili.

Nilimuuliza jirani yangu, mama anayeuza makala, yaani mkaa, kwenye mlango wa ua wetu. Yeye huona kila anayeingia na kutoka.

"Mama, ukijiandikisha kwa hawa," alisema, "wale wa kwanza wakirudi watakuuliza juu ya nini ulijiandikisha. Usipojiandikisha, hawa watakuuliza leo. Mimi njo maana nauzishaka makala. Makala haina mambo na mawingu."

Alicheka. Mimi sikucheka. Niliporudi ndani nilijiuliza kwa nini amesema mawingu, wakati mimi sikuwa nimetaja kitu kilicho juu.

*

Shemeji ndiye aliyepanga siku ya kuondoa kilio. Alifanya yote yanayofanywa: aliongea na paroko juu ya misa, akatafuta viti, akaagiza kasiksi, pombe ya ndizi, akaenda redioni kupitisha komunike ili ndugu na marafiki wajue siku na mahali. Kila familia hapa hupitisha komunike. Mtu akifa bila kutajwa redioni ni kama kafa kwa siri. Mimi sikuisikia ikisomwa. Nyumbani kwangu redio ilikuwa imezimwa tangu msiba, na jioni hizo nilikuwa kanisani na wamama wa jumuiya.

"Mama atakuwa ndani ya telefone, hapa mbele," alinionyesha, akiweka kigoda na juu yake ndoo iliyofunikwa kitambaa. "Ataona batu bote. Atakuuliza, utamujibu, uso haitasimama. Halafu atasema neno, utavua, tutakula."

"Na nikimjibu kama ilivyokuwa?" nilimuuliza.

Alinitazama kidogo. "Shemeji, utamwambia vile moyo wako inasema. Lakini rozari, uiache. Ile rozari inamutulizaka."

"Rozari haikuwepo."

"Ilikuwa ku msumari, ukutani. Mimi niliiona. Karibu yake kabisa."

Tukaiacha hapo.

Siku yenyewe tatizo la kwanza lilikuwa turubai. Vijana walitandaza bashi juu ya ua wote kama kawaida, kutoka ukingo wa paa mpaka kwenye ukuta wa mawe, na kona moja ikapanda mpaka juu ya beseni. Intaneti ikadhoofika. Shemeji akapiga kelele waishushe. Wakaivuta nyuma, ikabaki nafasi wazi kama dirisha, na wageni waliokuwa wameketi chini ya dirisha hilo wakaanza kunyeshewa. Mzee mmoja wa upande wa mume, mtu wa Beni anayefanya biashara ya mbao, alihamisha kiti mara kwa mara.

"Kwa nini munafungua bashi kwa mvua?" aliuliza.

"Ni kwa heshima ya mama, muzee," shemeji alimjibu.

"Mama iko Butembo. Mvua iko ku kichwa yangu."

Watu wakacheka, hata mimi ndani ya kitambaa changu. Halafu simu ikalia, na mama akatokea.

Sijui nieleze vipi. Kwa miezi nilikuwa nimemwona vipande vipande, jicho hapa, kilemba pale. Sasa alikuwa mzima. Niliona hata pini aliyofungia shuka begani. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wenye picha ya Bikira Maria, na pembeni, picha ya mume wangu akiwa na shati la komunyo. Alitutazama mmoja mmoja, bila haraka. Tukasikia matone kwenye beseni.

"Muke wa mutoto wangu," aliniita. "Uko mbele yangu?"

"Niko, mama."

"Sogea nikuone mikono."

Nikasogea, nikaweka mikono juu ya magoti. Nilijua swali linalokuja, nilikuwa tayari. Alifungua kinywa ili aliulize. Mlango wa ua ukagongwa, na kabla mtu hajajibu, ukafunguliwa.

Waliingia wanaume wawili. Mmoja alikuwa na bunduki na alibaki mlangoni, karibu na magunia ya makala. Mwingine alikuwa na koti la mvua na viatu safi, mtu wa ofisi. Alivua kofia.

"Poleni na kilio," alisema. "Tunatoka ofisi ya mambo ya mawasiliano. Hatutakaa." Akatazama juu, akauona ule uwazi kwenye turubai na beseni lililokuwa katikati yake. Alilitazama kwa utulivu. "Hapa kwenu munafulia nguo juu ya manjanja?"

Hakuna aliyecheka.

"Ile ni ya televisheni, shefu," shemeji alisema haraka. "Ya televisheni. Tunafuataka misa. Muzee wetu marehemu alikuwa mukristo sana."

Mtu wa ofisi alifuata kwa macho waya uliotoka chini ya beseni, ukapita kwenye ukingo wa paa, ukaingia dirishani. Kisha akageukia kigoda, akamwona mama, mzima, anamtazama. Mama hakupepesa. Nadhani hata yule mtu wa ofisi hakuwa amezoea kutazamwa namna hiyo na mtu aliyeko Butembo.

Hakumuuliza shemeji tena. Aliniuliza mimi, kwa sababu nguo yangu ilimwambia mimi ni nani.

"Mama, ile kitu ni ya televisheni?"

Niliona shemeji ananifinyia jicho. Niliona mzee wa Beni anatazama chini. Nilijua nikisema ndiyo, mtu huyu huenda akaondoka, maana mvua ilikuwa inanyesha na yeye alikuwa na viatu safi. Mama angeuliza swali lake, mimi ningelijibu, na jioni ningekuwa nimevaa kikwembe. Lakini mama alikuwa anasikiliza. Nilikuwa nimengoja miezi ili nimwambie neno moja la kweli, na hili lingekuwa la kwanza kutoka kinywani mwangu.

"Hapana," nilisema. "Ni ya intaneti. Ilikuwa ya mume wangu. Haina kibali chenu, wala cha wengine. Iliandikishwa ng'ambo."

Mtu wa ofisi alishusha pumzi kama aliyebebeshwa mzigo asioutaka. "Basi tutaichukua," alisema. "Utakuja ofisini tuongee."

Kijana mmoja alitumwa kupanda juu. Niligeuka kwa mama. Nilimwona ameinama mbele, karibu na simu yake, uso wake umejaa kioo chote. Alifungua kinywa, akainua mkono, kidole kikielekeza pembeni, kuelekea mtu wa ofisi au kuelekea mlango. Waya ukachomolewa. Akabaki hivyo.

*

Kila mtu aliona kile alichotaka kukiona kwenye picha ile. Shemeji alikuwa wa kwanza.

"Amesema!" alitangaza. "Muone mukono. Mukono iko juu. Amekuachilia, shemeji. Leteni kikwembe."

"Anaonyesha mlango," mwanamke mmoja alinong'ona. "Anamfukuza."

"Anamfukuza nani? Mtu wa serikali ama huyu?"

Kikwembe kililetwa, kimekunjwa juu ya sinia. Kilikuwa kizuri, cha kijani. Wali ulikuwa umeiva, sombe ya majani ya muhogo inanukia, na watu walikuwa wamelowa na wana njaa. Shemeji alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Vaa tu. Nani atajua?"

"Sikusikia," nilimwambia.

"Kinywa ilikuwa wazi."

"Hata cha kwangu kilikuwa wazi siku ile, na wakasema nimenyamaza."

Chakula kililiwa hata hivyo, chakula cha kuondoa kilio ambacho hakikuondoka. Kikwembe kikabaki kwenye sinia, na mimi nikabaki na nguo nyeusi. Watu walipoaga walinishika mkono kwa namna ya kumshika mtu ambaye hukumu yake imeahirishwa.

Walipoondoka, shemeji alianza kutafuta aliyetuuza. Mtu yule hakutoka ofisini kwenye mvua bila kuambiwa, alisema. Alijua siku, alijua saa, alijua ua. Akataja mpangaji aliyehama bila kuaga. Akamtaja mzee wa Beni, kwa sababu alilalamika juu ya turubai. Mwisho akashusha sauti na kutazama mlango wa ua, ambapo mama wa makala alikuwa anafunika magunia yake.

"Yule mwenye bunduki alisimama wapi? Kwake. Walisalimiana. Mimi niliona."

Na mimi nilikumbuka lile neno lake la mawingu. Siku zilizofuata nilinunua makala mbali, kwa mwanamke wa barabara ya juu. Mama wa makala aliniona napita na kifuko changu. Nilimpigia mama mkwe mara nyingi kwa laini ya kawaida. Mara ilisema hapatikani, mara ilikubali na kukatika kabla ya salamu. Nilianza kushuku kwamba hataki sauti yangu. Nilimshuku pia shemeji, kwamba labda aliitaka ile sahani kwa ajili yake na mambo yamemgeukia. Ukishaanza, hakuna mtu unayemwacha nje.

*

Nilikwenda ofisini peke yangu. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kalenda ya zamani, na kiti kimoja cha wageni. Juu ya kiti hicho walikuwa wamepanga sahani za watu, moja juu ya nyingine, na nyaya zimening'inia mpaka chini. Nilitafuta ya kwetu kwa macho. Niliitambua kwa alama ya buluu ambayo beseni lilikuwa limeiachia kwenye ukingo.

Yule mtu alinikumbuka. Alizibeba sahani zote kwa mikono yake, akazishusha sakafuni, akafuta kiti kwa kiganja.

"Keti, mama."

Nikaketi. Aliniuliza sahani ni ya nani. Nikasema ya marehemu. Akasema marehemu hawezi kuandikishwa. Akaniuliza kama iko kwa jina langu. Nikasema hapana, iko kwa jina la mtu wa ng'ambo. Akaweka kalamu chini.

"Ungesema ni yako, tungeanzia hapo."

"Si yangu."

"Naona." Alijikuna shingo. "Kinshasa imeipa kampuni kibali. Hapa wanasema ile kibali ya Kinshasa haifiki hapa. Nikikupa karatasi yangu, Kinshasa itasema haina maana. Mimi mwenyewe kesho sijui nitakuwa kwenye meza ya nani." Alitazama mlango alipokuwa anasema hivyo, kama mtu anayejua kwamba milango ina masikio. Kisha sauti yake ikarudi ya ofisi. "Kwa hiyo itabaki hapa."

Nilisimama. Lakini lile lililokuwa linaniuma zaidi ya sahani lilikuwa bado halijatoka, nikalitoa.

"Naomba unijibu jambo moja. Ni nani aliwaambia?"

Alinitazama kama ananipima kama nafanya mzaha.

"Mama, sisi tulisikia ku redio."

"Redio gani?"

"Redio, kama batu bote. Komunike yenu. Ilisema familia ya Butembo, ya Beni na ya Ulaya watafuata kilio moja kwa moja kwa njia ya satelaiti, pale Katoyi, nyuma ya kanisa, mlango wa muuza makala. Walirudia jioni." Alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. "Hata mukubwa wangu aliisikia. Akasema, hawa wanatualika, tusipoenda itakuwa aibu."

Nilirudi kwa miguu mpaka Katoyi. Nilisimama mbele ya magunia ya makala, nikasema nataka kifuko kikubwa.

"Ule wa barabara ya juu amekosana na wewe?" mama wa makala aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Hapana. Ni komunike ndiyo ilitaja mlango wako."

"Mimi niliisikia," alisema. "Nikajua bateja watakuja. Alikuja yule wa bunduki. Aliniuliza bei, hakununua." Akanijazia kifuko, akaongeza mapande mawili juu. Nikataka kumuuliza kwa nini alisema mawingu siku ile. Nikaona beseni letu la buluu, ambalo kijana alilitupa chini baada ya kuchukua sahani, likiwa limejaa maji ya mvua mbele ya mlango wake. Lilikuwa limekaa juu ya paa lile miaka. Nani hakulijua?

Mama mkwe alipiga simu asubuhi iliyofuata, kwa laini ya kawaida, sauti tupu. Nilikuwa naosha sufuria. Nilikaa chini pale pale.

"Nilikuwa nakutafuta siku zote hizi," alisema. "Hapa nako inakatika. Yule mutu, mulimupatia kiti?"

"Mtu gani, mama?"

"Yule wa serikali. Aliingia ndani ya kilio, akavua kofia, mukamuacha amesimama kwa mvua kama mwizi. Nilikuwa nasema: mupeni kiti. Naonyesha na mukono kile kiti cha pembeni, hakuna anayenisikia. Kwetu hatufanyake hivi. Hata anayekuja kukunyang'anya, anakaa kwanza."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Kumbe neno lote lile, mkono ule wote, lilikuwa kiti.

"Hatukumpa," nilisema.

"Mulifanya vibaya." Akakohoa. Nilisikia kuku kwenye ua wake. "Sasa unijibu. Mutoto wangu alikufa aje?"

Nikamwambia. Kichwa kilimgonga, alimuomba yeye, simu haikuwa na yuniti, nikatoka. Nikamwambia kwamba padri alikuja baadaye na kwamba rozari ilikuwa kwenye msumari. Nikamwambia aligeukia ukuta. Mtandao haukukatika. Nilingoja ukatike na haukukatika, na alikaa kimya muda mrefu hadi mimi ndiye niliyeogopa kwamba amesimama.

"Aliniomba mimi," alisema.

"Wewe, mama."

"Yule mdogo wake hakuniambia hiyo. Aliniambia rozari." Akapumua. "Ulikuwa na njia ya kudanganya yule mutu, nikakuangalia. Shemeji yako alikufungulia mulango kabisa. Hukupita. Mimi nikasema, basi huyu hata ile siku alikuwa njiani kweli, anatafuta yuniti." Kisha sauti yake ikawa ya mtu mkubwa anayezungumza mbele ya ukoo, ingawa mbele yake labda kulikuwa na kuku tu. "Tumekuachilia. Vua."

Nilimwita mama wa makala anisaidie kufunga kikwembe, kwa kuwa haifai mtu ajivishe mwenyewe. Alinawa mikono mara kadhaa kwa sabuni na bado aliacha alama ya kidole kiunoni. Shemeji alitukuta tunamaliza. Alinitazama na kile kijani, akaelewa, macho yakamlowa. Ni mtu mwema.

"Mama amesema?"

"Amesema."

"Basi leo leo napeleka komunike! Batu bote bajue, familia ya Butembo imetoa neno, kwa..."

"Shemeji," nilimwambia. Nikavuta kiti, nikakiweka mbele yake. "Keti kwanza."